UZI: Kuandika filamu ya baharini kwa bajeti ndogo ukiwa Moshi au Arusha

Kalamu ya Soweto (Moshi)

Wakuu, salaam. Nina skripti ya filamu ndefu, kurasa 92. Wavuvi wawili na abiria mmoja wa kike wanatoka Pangani usiku kwa mashua ya injini, injini inazima, mkondo unawachukua kusini mpaka Mafia. Siku tatu majini. Fedha iliyopo ni shilingi milioni 18, kamera ni yetu, waigizaji wote wanatoka Moshi na Arusha. Sini (onyesho) ya 31 kuna tufani, sini ya 54 meli kubwa inapita mchana bila kuwaona, na sini ya mwisho jua linazama baharini.

Naomba wanaoijua bahari na wanaojua kurekodi waniambie kipi kibaki na kipi kitaua bajeti. Pia, bwawa la Nyumba ya Mungu linaweza kusimama badala ya bahari? Lipo karibu, na Tanga ni kama kilomita 350 kutoka hapa.

---

Mhariri wa Usa

Mkuu, kabla ya kugusa hadithi, chukua kalamu nne za rangi upitie kila sini. Rangi ya kwanza: mashua inatembea kweli baharini. Ya pili: mashua imetia nanga karibu na pwani, ila mtazamaji anaamini iko mbali. Ya tatu: mashua ya bandia, nchi kavu, hapo Moshi. Ya nne: ufukweni, kijijini, nyumbani. Skripti ya baharini isiyopita kwenye kazi hii haina bajeti, ina matumaini tu.

Sasa hesabu. Nchi kavu, kikundi kidogo kilichojipanga kinaweza kumaliza kurasa 5 au 6 kwa siku. Mashua ikiwa nangani panga kurasa 3. Ikiwa inatembea, panga 1 na nusu, na usikasirike ukipata moja. Nashauri ushushe kurasa 92 ziwe 75, zigawanyike hivi: 6 za kutembea (siku 4), 15 za nangani (siku 5), 40 za mashua ya bandia (siku 7), 14 za ufukweni na kijijini (siku 3). Jumla siku 19. Tanga na Pangani zinachukua 12, ongeza 2 za akiba ya hali ya hewa. Akiba hiyo usiiguse kwa lolote. Filamu ya Jaws ya 1975, nayo ya baharini, ilipangiwa siku 55 za kurekodi ikaishia 159, na wale walikuwa na fedha za kuzitupa baharini. Wewe huna.

Jambo la pili: kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja haishiki baharini. Skripti ya All Is Lost ya 2013 ilikuwa na kurasa 30 na kitu tu, na filamu ina zaidi ya dakika 100. Mtu anayekumba maji kwa ndoo kuyatoa mashuani ni mistari miwili kwenye karatasi na dakika mbili kwenye skrini. Kwa hiyo ukikata maneno hadi kurasa 75, filamu bado inaweza kufika dakika 90 vizuri.

---

Mzee wa Tezi

Hongera kijana kwa kuuliza mapema. Nina mambo matano, na yote yanagusa hadithi yenyewe.

Jua. Pwani ya Tanga na Pangani inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nchi kavu, nyuma ya milima. Sini yako ya mwisho haipo Pangani. Ukitaka jua lizame majini nenda upande wa magharibi wa Unguja, ambako utahitaji vibali vingine na nauli nyingine. La sivyo geuza mwisho uwe alfajiri. Tena alfajiri inakufaa kwa kazi, kwa kuwa upepo wa bahari unakuwa bado haujaamka na mashua inatulia.

Mkondo. Pwani yetu mkondo mkubwa unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, unakuwa na nguvu zaidi. Mashua iliyozimika nje ya Pangani haiendi Mafia, inapandishwa kuelekea Mombasa. Mvuvi yeyote atakayeona filamu yako atakushika hapo. Badilisha mwelekeo, maana kuvuka mpaka wa nchi bila karatasi ni tatizo jipya ambalo hujalitumia, na ni la bure. Na huko katikati ya mkondo wa Pemba kina ni mamia ya mita, kwa hiyo kamba ya nanga haifiki chini. Hutahitaji kumfanya nahodha apoteze nanga.

Maji kupwa na kujaa. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili hivi zinazofuata. Siku za bamvua upande wetu maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, tofauti ikiwa mita 3 na zaidi. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Maji mafu yakifika, saa zinakuwa zimegeuka: yanajaa asubuhi na kupwa jioni, na tofauti ni ndogo. Maana yake kwa mwandishi: sini ya ufukweni uliyoanza kurekodi saa 3, ukirudi kuimalizia saa 8, ufukwe uleule haupo. Andika hali ya maji kwenye kichwa cha sini kama unavyoandika asubuhi au usiku: NJE. UFUKWENI. MAJI YAMEKUPWA. ASUBUHI. Na ukikosa sini leo, saa hizohizo za maji zitakurudia baada ya siku 15 hivi.

Injini. Umeandika “injini inazima ghafla”. Inazima kwa nini? Injini ya nje hupozwa kwa maji ya bahari. Yanavutwa chini, yanazunguka, halafu yanatemwa nyuma kwenye kitundu kidogo, mchirizi mwembamba kama wa birika. Mfuko wa nailoni ukiziba pale chini, mchirizi unapungua, unadondoka matone, unakatika. Injini inaendelea kunguruma dakika chache kama haina neno, kisha harufu ya moto, kisha kimya. Hiyo inaonekana kwa kamera bila mtu kufungua mdomo. Yule kijana wako wa tezi, huko nyuma ya mashua, ndiye anayepaswa kuutazama mchirizi ule, na anapaswa kuwa anatazama kitu kingine.

Ukitaka sababu nyingine: maji ndani ya petroli, plagi iliyolowa, pini ya panga (feni ya injini inayosukuma maji) kukatika kwenye mwamba, wavu kujisokota kwenye panga, au petroli isiyochanganywa oili. Kwa injini nyingi za kuchanganya ni mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Kila moja inamtia hatiani mtu tofauti, basi chagua kwa kuangalia nani abebe lawama kwenye hadithi.

La tano ni maji ya kunywa. Jerikeni moja la lita 20, watu watatu, jua lile. Kwa lita 3 kila mmoja, siku ya kwanza yanakwenda lita 9. Siku ya tatu asubuhi wamebakiwa na lita 2. Hiyo ndiyo saa ya filamu yako. Weka jerikeni jeupe linalopitisha mwanga ili kiwango kionekane. Hutahitaji kuandika “SIKU YA PILI” kwenye skrini.

---

Kalamu ya Soweto

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Mhariri, kurasa 40 kwenye mashua ya bandia hazitaonekana za uongo? Hilo ndilo linaloniogopesha. Na simu je? Watazamaji watauliza kwa nini hawapigi simu.

---

Fundi Taa Kaloleni

Kaka, zitaonekana za uongo ukitengeneza mashua nzima. Tengeneza nusu. Mita 3 za upande wa tezi, maana huko ndiko watu wanakaa na kuongea. Fremu ya mbao za inchi 2 kwa 4, juu plaiwudi ya mm 6, rangi na mikwaruzo sawasawa na mashua halisi mtakayoikodi. Kwa hiyo anza na mashua halisi: ipige picha kila pembe, pima kwa futi, ndipo fundi seremala aguse msumeno. Watu wakianza na ya bandia huishia kutafuta Pangani nzima mashua inayofanana nayo.

Iweke juu ya mipira ya ndani ya matairi ya lori, minne, iliyojazwa upepo nusu. Ikijazwa sana inadunda kama gari barabara mbovu, na bahari haidundi. Boriti mbili zinapita chini kutokeza pembeni, mtu mmoja kila upande. Wasisukume kwa zamu sawa kama saa ya ukutani. Wimbi kubwa, mawili madogo, kimya, kubwa. Waigizaji nao lazima wajishike kidogo kabla ya mtikisiko, mwili wa baharia unaujua.

Kamera iwe chini, itazame juu. Nyuma yao iwe mbingu tu. Chagua uwanja tambarare ulioinuka kidogo, mbali na nyaya za umeme, na kwa jina la Mungu angalia mlima uko wapi. Moshi asubuhi Kibo imejificha, mnaanza kazi kwa raha, saa 11 jioni inatoka nyuma ya bega la mvuvi wa Pangani.

Kitu kinachookoa zaidi ni tanga. Shona tanga la mita 4 kwa 3 kwa kitambaa cha marekani, lipauke, liwe na viraka, litundike nyuma ya waigizaji. Sasa una ukuta unaocheza na upepo na kivuli kinachotembea usoni. Nusu ya kurasa zako 40 zinaweza kupigwa mbele ya kitambaa hicho. Kwa hiyo andika: injini imekufa, wametweka tanga bovu. Hadithi inapata tumaini dogo na mimi napata pa kuficha miti ya Kilimanjaro.

Mng'ao wa maji usoni: karai pana, maji sentimita 5, vipande vya kioo vimelazwa chini, taa au jua lipige humo, mtu anagusa maji kwa kidole. Manyunyu: bomba la mgongoni la lita 16 wanalotumia shambani. LIWE JIPYA. Lililowahi kubeba dawa ya kahawa au ya nyanya halioshwi likawa salama kwa macho na midomo ya mwigizaji. Sisemi hili kwa kutisha, andikeni kabisa kwenye orodha ya manunuzi.

---

Mhariri wa Usa

Kuhusu simu: usiitupe majini, kila filamu hufanya hivyo. Karibu na pwani mtandao bado unashika, basi waache wapige. Mtu wa nchi kavu apokee, asikie nusu, aulize “Mko wapi?” Na hapo hakuna anayeweza kujibu, kwa sababu gizani hawajui mkondo umewafikisha wapi. Chaji inaisha wakibishana wamjibu nini. Umepata sini nzuri ya kurasa 3, nchi kavu, usiku, kitambaa cheusi nyuma.

---

Mama Perege

Nyumba ya Mungu msiipuuze jamani. Maji baridi hayali kamera, mitumbwi ipo, wavuvi wapo, na kutoka Moshi mnaenda na kurudi siku moja. Kwa bajeti hii mimi ningerekodi huko nusu ya filamu.

---

Mzee wa Tezi

Mama, kwa heshima, nusu ni nyingi mno. Vilima vinaonekana karibu kila upande, maji yana rangi ya udongo, na mawimbi ni mafupi, hayana lile wimbi refu la bahari linaloinua mashua taratibu na kuishusha. Mtu wa pwani atagundua kwenye picha ya kwanza pana. Mitumbwi ya kule nayo si mashua.

---

Fundi Taa Kaloleni

Mama Perege ana hoja kwa mambo mawili: mikono na makasia yakigusa maji kwa karibu, na usiku. Usiku maji yote ni meusi. Lakini kuna viboko na mamba, kwa hiyo hakuna mwigizaji kuingia majini pale, na hakuna kwenda bila wavuvi wa eneo hilo. Pia maji baridi yaliyotuama yana kichocho. Sini za mtu ndani ya maji zipelekeni bwawa la kuogelea usiku, au baharini kwenye fungu la mchanga maji yakiwa ya kiunoni. Mwigizaji anapiga magoti, kamera inakaa usawa wa maji, mtazamaji anaona kina kisicho na mwisho. Tafuteni penye majani ya bahari chini, panaonekana peusi. Kwenye mchanga mweupe chini panaonekana na uongo umekwisha. Viatu vya plastiki kwa wote, chini kuna miba na matumbawe.

Ziwa Chala na Duluti sahau. Zote mbili ni bakuli, ukuta kila upande.

---

Mzee wa Tezi

Hapo kwenye fungu, Kalamu, kuna zawadi. Mbele ya Pangani kuna Maziwe. Ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Watu watatu wenye kiu wakiona mchanga mweupe katikati ya bahari watashuka, watalia, watacheka. Kisha saa zinakwenda. Ni eneo tengefu la bahari, kwa hiyo kuna kibali na ada, lakini hakuna seti ya fedha yoyote itakayokupa sini kama hiyo. Hesabu siku za bamvua: asubuhi mnarekodi furaha yao, mchana mchanga unapungua wenyewe, na mnapiga kwa mfuatano bila kurudi nyuma. Nanga ya mashua ya kuwatoa iwe imeshawekwa kabla, na nahodha ndiye anayesema muda umeisha, si mwongozaji.

---

Mhariri wa Usa

Hiyo iwe katikati ya filamu, ichukue nafasi ya tufani. Tufani yenyewe usiionyeshe. Onyesha kabla na baada, katikati iwe giza. Mfano:

*NJE. MASHUA. MAGHARIBI (nangani)*
*Upepo umekata ghafla. Nahodha anatazama upeo wa bahari, hasemi kitu. Anaanza kulishusha tanga. Kijana anafunga jerikeni kwa kamba, mafundo mawili. Anafikiri. Fundo la tatu.*

*NJE. MASHUA. USIKU (nchi kavu)*
*Giza. Radi: mikono imeshika kamba. Giza. Radi: uso wa mwanamke, maji. Giza. Sauti ya mbao ikipasuka. Radi: kamba tupu.*

*NJE. MASHUA. ALFAJIRI (nangani)*
*Bahari shwari. Maji yamejaa hadi vifundoni. Kijana anakumba kwa ndoo. Ameshika kipande cha kamba chenye mafundo matatu.*

Ukurasa mmoja hivi. Radi ni taa moja na kipande cha bati.

Meli ya sini ya 54 nayo ihamie usiku. Meli kubwa usiku ni taa: mbili nyeupe, ya mbele iko chini kuliko ya nyuma, na moja ya kijani ikiwa inapita kuelekea kulia kwako, au nyekundu ikiwa inaelekea kushoto. Zifunge kwenye nguzo juu ya pikapu, iende polepole uwanja wenye giza, mbali. Ikielekea moja kwa moja kwao, kijani na nyekundu zinaonekana pamoja. Hapo nahodha wako anaelewa kwamba watasagwa, na wengine wawili bado wanapunga mikono kwa furaha. Maneno ya kuiongoza mashua, agizo kwa agizo, mpe nahodha wa kweli ayasome kabla hujafunga skripti.

---

Dada Sauti (Sakina)

Kurasa zote zenye maneno mengi zipelekeni nchi kavu, nawasihi. Baharini upepo unaingia kila maiki, na maji ya chumvi yakigusa maiki ndogo ya kifuani imekufa. Mkiwa Pangani, rekodini sauti peke yake, bila picha, dakika 4 au 5 kila moja: maji yakipiga ubao mkisikiliza kutoka ndani, tanga likipepea, kamba ikilia kwenye mlingoti, ndoo ikikumba, bahari tupu usiku. Injini iwe ya aina tatu: ikiwaka, ikienda, ikikata. Bila hizo mashua yenu ya Moshi itabaki ya Moshi. Na mkirekodi nchi kavu, sikilizeni ndege, jogoo na bodaboda. Jogoo mmoja katikati ya bahari amemaliza filamu.

---

Fundi Taa Kaloleni

Nyongeza za siku za majini, haraka haraka. Ukubwa wa kikundi: waigizaji 3, nahodha, kamera, sauti, mwongozaji, msaidizi, tayari watu 8 na mashua imejaa. Kwa hiyo yule mvuvi mkubwa asiyeongea sana, mpe nahodha halisi aigize. Umepunguza mtu na mashua inaongozwa mbele ya kamera na anayejua. Mashua ya pili ya usalama ni lazima, na majaketi ya kujiokolea kwa kila mtu.

Mashua nangani huzunguka na upepo, na kila ikizunguka jua linahama usoni. Tia nanga mbili, omo (mbele) na tezi (nyuma). Na msifikirie kwenda mbali ili kuficha nchi kavu. Macho yakiwa mita 1.5 juu ya maji, upeo uko kilomita 4 na kidogo tu, lakini kilima cha mita 20 kinaonekana mpaka kama kilomita 20. Kaeni karibu na pwani, kamera itazame bahari wazi siku zote. Mkitaka picha ya upande wa pili, geuzeni mashua, si kamera.

Droni: ukiirusha toka kwenye mashua, ikiishiwa chaji inarudi pale iliporukia, na pale sasa ni maji matupu. Badilisha sehemu ya kurudia iwe kwa mshika rimoti. Lenzi isibadilishwe majini. Jioni futa kila kitu kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha kikavu. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda, ulizeni mfamasia kwani nyingine zinaleta usingizi. Wa kwanza kutapika ni mpiga picha, maana macho yake yako kwenye kioo.

---

Mama Perege

Vibali: Bodi ya Filamu kwanza, na skripti inaambatishwa, kwa hiyo ikamilike kweli. Droni ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chombo cha kubeba watu kiwe kimekaguliwa, TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) ndio wanaosimamia. Maziwe ni Hifadhi za Bahari. Nendeni pia kwa serikali ya kijiji na kwa wavuvi wa ufukwe huo kabla ya kuonekana na kamera.

---

Kalamu ya Soweto

Nimeshaanza kukata. Tufani imekwenda, Maziwe imeingia, mwisho ni alfajiri. Swali moja: mwezi gani?

---

Mzee wa Tezi

Juni mpaka Agosti kusi linavuma, usithubutu na waigizaji wa milimani. Aprili na Mei masika. Oktoba na Novemba bahari inatulia, ila vuli inaweza kuleta mvua, ndiyo kazi ya zile siku 2 za akiba. Fungua kalenda ya mwezi, tafuta bamvua ya Oktoba, weka Maziwe siku ya pili yake, kisha panga siku nyingine zote kuizunguka hiyo.